Darubini ya Kompyuta: Kazi ya Usiku wa Kwanza Inafanyika Mchana

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bagamoyo alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, anaongea kama mtu aliyefiwa. Amejinyima muda mrefu, ameagiza kutoka nje darubini ya kompyuta, ile inayojigeuza yenyewe kwenye nyota unayoiagiza kwa rimoti, ameilipia ushuru, imefika. Usiku wa kwanza amekesha nayo. "Kaka, kila nikiiagiza nyota inainamia banda la kuku. Nimeuziwa mbovu?"

Nikampigia. Nikamuuliza swali moja tu: kwenye rimoti uliandika saa ngapi?

"Saa mbili usiku, kaka."

Uliandika mbili?

"Ndiyo. Mbili."

Basi, mgonjwa ameshajulikana. Darubini hizi zinahesabu saa kwa Kizungu. Saa mbili usiku yetu kwake ni 20:00, au 8 yenye PM. Ukiiandikia 2 inaamini ni saa nane usiku, na anga la saa nane si anga la saa mbili. Arcturus, ile nyota ya rangi ya machungwa inayowaka upande wa kaskazini jioni za Julai, ikifika saa nane usiku imeshazama. Ukiiomba ikupeleke huko itakuelekeza ardhini, na hapo itakuwa imekutii kabisa. Banda la kuku halina kosa.

Tulipoendelea tukakuta na tarehe. Mashine nyingi zimetengenezwa kwa kuwafikiria Wamarekani, wanaotanguliza mwezi. Yeye aliandika 11/07 akikusudia Julai 11, rimoti ikasoma Novemba 7. Na mahali? Alikuwa ameuacha mji wa Marekani uliokuja na kiwanda. Kwa hiyo darubini yake ilijiona iko ng'ambo ya bahari, mwezi wa kumi na moja, usiku wa manane, na yeye anaidai imwonyeshe anga la Bagamoyo!

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu najua si yeye peke yake. Ujumbe wa namna hii napata sana, na wengi huishia kuifunga darubini kwenye boksi lake na kuisukuma uvunguni. Inaniuma. Fedha zile mtu hakuziokota.

Mimi nilikuwepo Rujewa, Mbarali, Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa likabaki pete. Mliokuwepo mnajua. Watu walitoka kila mkoa, watoto wa shule wamevaa miwani ya karatasi, halafu ule mwanga ukawa wa ajabu, mchana lakini umefifia kama unaumwa. Nilirudi Mafinga nikiwa mtu mwingine. Niliuza pikipiki. Narudia ili walionisema wasome vizuri: niliuza pikipiki iliyokuwa inaniingizia hela, nikanunua darubini yenye kioo cha milimita 130. Shemeji yangu alisimama kwenye kikao cha familia akasema mume wa dada yake ameuza riziki akanunua bomba la kuchungulia. Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka, na hilo nitamshukuru hadi naingia kaburini.

Wengi walitaka nieleze usiku wangu wa kwanza ulivyoharibika, kwa sababu ndivyo hadithi hizi zinavyotakiwa kwenda. Haukuharibika. Ulinyooka, na sababu yake haina uchawi: kila kitu nilikuwa nimekifanya mchana, sebuleni, pazia limefunguliwa na kitabu cha maelekezo kiko gotini. Nilizungusha mota mpaka nikaijua sauti yake ikiwa nzima. Nikajifunza batani zote bila kuangalia, maana usiku vidole vinakufa ganzi na Mafinga ya Julai hamuijui.

Kufunga miguu mitatu na kubana skrubu sitakueleza, picha za kwenye boksi zinatosha. Pima maji ya fundi ujenzi iwekee juu ya stendi, basi.

Mahali ndipo pa kukaa chini. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza ulipo, itakupa namba mbili. Bagamoyo ni kama -6.44 na 38.90. Ile alama ya kutoa ina maana ya kusini, kwa hiyo kwenye rimoti chagua kusini, na kwa namba ya pili chagua mashariki. Rimoti nyingi zinataka digrii na dakika, hazitaki desimali. Chukua kilicho baada ya nukta uzidishe kwa 60: 0.44 inakuwa dakika 26, 0.90 inakuwa 54. Andika 6 na 26 kusini, 38 na 54 mashariki. Ukanda wa saa ni +3, na ikikuuliza kama mnasogeza saa majira ya kiangazi, jibu hapana, sisi hatusogezi kitu.

Halafu kiongozi, kile kidude chenye nukta nyekundu ubavuni mwa bomba. Kipange mchana. Elekeza bomba kwenye mnara wa simu wa mbali, lenzi ya kuchungulia iwe ya milimita 25, tafuta ncha ya mnara mpaka ikae katikati, kisha zungusha vijiti vya kiongozi mpaka nukta nayo ikae kwenye ncha ileile. Utauona mnara umepinduka, miguu juu. Ndivyo darubini ya kioo inavyoona, usihangaike kuugeuza. Ila jua, ndugu zangu, jua usilisogelee. Sekunde moja ya jua kwenye darubini isiyo na kichujio maalumu mbele ya bomba inatosha kukuondolea jicho, na watoto wakiwa karibu usiiache darubini peke yake hata ukiitwa kula.

Sasa usiku. Kwenye video za mtandaoni utaambiwa anza na Polaris, nyota ya kaskazini. Achana nao. Sisi tulio kusini mwa ikweta Polaris hatunayo, iko chini ya upeo. Tumia njia ya nyota tatu. Kwenye darubini za kampuni ya Celestron inaitwa SkyAlign, na uzuri wake haikuulizi jina la nyota. Unachagua tatu zinazong'aa, zilizoachana mbali, zisizokaa kwenye mstari mmoja. Julai saa mbili usiku (saa mbili yetu!) nenda na Arcturus kaskazini, Alpha Centauri kusini, na Antares ile nyekundu juu kuelekea mashariki. Iliyo utosini kabisa iache, mashine inapata shida ya kujua imeelekea upande gani.

Hapa ndipo watu wanapopagawa, kwa hiyo twende polepole. Peleka nukta nyekundu kwenye nyota kwa batani za mishale, bonyeza ENTER. Mota inapunguza mwendo yenyewe. Sasa chungulia kwenye lenzi. Nyota itakuwa pembeni huko, inatetemeka. Isogeze hadi katikati kabisa, na mwendo wa mwisho umalizie kwa mshale wa juu na wa kulia. Ndani kuna meno ya giya yenye nafasi kidogo, na mashine ikienda kutafuta nyota hufika kwa kutokea upande huohuo, kwa hiyo ukimalizia kwa mshale wa chini au wa kushoto unaiachia ule ulegevu uisumbue usiku wote. Kisha ALIGN. Rudia kwa nyota ya pili na ya tatu. Ikikubali, usiiguse tena kwa mkono. Ukilisukuma bomba kwa kiganja umeifuta kumbukumbu yote, unaanza upya.

Mimi ilipokubali, nilibonyeza Omega Centauri, kundi kubwa la nyota zilizosongamana. Mota ikalia, bomba likageuka lenyewe gizani kuelekea kusini, likasimama. Nikachungulia, nikaona doa tu la ukungu. Nikaweka lenzi ya 9, ambayo kwa darubini yangu inakuza mara 72, nikaelekeza jicho pembeni kidogo ya lile doa badala ya kulikodolea, na likaanza kuvunjika chembe chembe, kama unga wa muhogo uliomwagika kwenye kaniki. Ni nyota zipatazo milioni 10, na mwanga wake umesafiri miaka kama 17,000 kufika uani kwangu. Mke wangu alitazama muda mrefu, khanga kichwani, halafu akasema, "Muite kaka." Shemeji aliitwa. Hakuja. Mpaka leo hajaja.

Ndiyo maana nawaambia vijana: mtu akikucheka kwa kitu ulichokinunua kwa jasho lako, usimjibu kwa mdomo. Jifunze kukitumia. Siku hizi mtu anamiliki simu ya laki nane na hajui mwezi utachomoza lini, halafu huyo ndiye wa kukushauri? Babu zetu walilima kwa kukitazama Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota. Kitafute alfajiri za Julai upande wa mashariki; kwenye rimoti andika M45, ndilo jina lake huko.

Kijana wa Bagamoyo ameshapata nyota tatu zake, lakini bado ananiuliza anunue lenzi gani nyingine. Hakuna. Sijui nani anawatia hii kiu ya lenzi. Hela hiyo nunua umeme. Betri nane za AA zikianza kuchoka, mota hazikuambii. Zinapotea tu, zinakupeleka pembeni ya nyota, na utarudi kunitumia sauti ya msiba. Tafuta betri ya volti 12 yenye kutulia, mpe fundi umeme akufungie pini ambayo kati ni chanya, akupimie kwa mita mbele yako kabla hujaichomeka.