Mayai ya kuvuruga yasikauke

Dada, umesema mayai yako ya kuvuruga hutoka makavu, yanaachia maji kwenye sahani, na watoto wamechoshwa na ladha ile ile. Tatizo ni moto. Yai likipata joto kali hukaza na kujikamua maji yake. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa au inua kikaango mara kwa mara. Piga mayai 3 na chumvi kidogo, mimina kwenye siagi iliyoyeyuka, sukuma taratibu kwa mwiko, kisha epua yakiwa bado yanang'aa. Joto la kikaango litamalizia. Ila ya watoto wadogo yaache yaive kabisa.

Maziwa mimi siweki, yanaongeza maji tu. Kijiko cha tui zito la nazi, hilo ni jambo jingine!

Ukitaka kubadilisha, kaanga kwanza kitunguu, hoho na nyanya mpaka maji ya nyanya yakauke kabisa, ndipo umimine mayai. Siku nyingine tia bizari kidogo na giligilani, au mchicha uliobaki, ukiukamua kwanza. Dagaa wa kukaanga pia wanafaa, lakini hapo chumvi usiweke mpaka uonje.