Mguu unagoma kutoka kwenye pedali

SWALI: Nimenunua pedali zile za kunasa kiatu pamoja na viatu vyake. Kunasa naweza, shida ni kusimama. Wiki mbili nimeanguka mara tatu na zote baiskeli ilikuwa imeshasimama, ya mwisho kwenye taa, kiwiko kimechunika. Nirudishe za kawaida?

JIBU: Pole sana na kiwiko. Usizitoe kwanza. Ulivyoanguka ndo wanaoanza wengi wanavyoanguka, unasimama ndo unakumbuka mguu umefungwa, hofu inakufanya uuvute juu kama ulivyozoea na hapo hautoki ng'o, maana hizi zinaachia ukizungusha kisigino kwenda nje. Kampuni ya Look ya Ufaransa, waliozileta 1984, walikuwa watengenezaji wa vifungio vya viatu vya ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na wazo lilitoka hukohuko, mguu ukijipinda kifungio kinaachia.

Sasa shika ukuta, kaa kwenye siti, nasa na toa mara 50 kila mguu, halafu nenda kwenye majani. Chagua mguu mmoja wa kushukia na uutoe mapema, mita 20 kabla ya kusimama, pedali ikiwa chini na baiskeli bado ina mwendo, kisha egemea upande huohuo, maana wengine wanatoa wa kushoto wanaangukia kulia. Na shusha gia kabla hujasimama, utaondoka kirahisi.

Umesema pedali mpya, basi huenda zimekazwa mno. Kama ni SPD, aina ya kampuni ya Shimano, nyuma kuna kaskrubu, spana ya L ya milimita 3 inaingia, legeza pande zote mbili za kila pedali kwa kiasi sawa. Shimano wana pia kibati cha SH56, kibati ni kile kichuma cha chini ya kiatu kinachonaswa na pedali, hicho kinaachia hata kwa njia zaidi ya moja, mimi kwa anayeanza ningeweka hicho.

Ila nakuomba sana, kabla ya yote geuza kiatu uangalie skrubu mbili zinazoshika kibati kwenye soli. Moja ikilegea au ikidondoka, kiatu kinazunguka peke yake na kibati kinabaki palepale kwenye pedali, hapo uzungushe kisigino utakavyo, hakiachii. Ikikukuta njiani endelea kukanyaga taratibu hadi kwenye ukuta au mti, shika, fungua kiatu utoe mguu, kiatu kibaki kwenye pedali. Zikaze vizuri leo, na tena baada ya safari mbili tatu za mwanzo.