Mwanafunzi wa ukutubi, anza TEHAMA na rekodi moja ya kitabu

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji aliye mwaka wa pili wa stashahada ya ukutubi. Anasema somo la TEHAMA limemchosha. Wamefundishwa historia ya kompyuta, aina za kumbukumbu, Word na Excel, wamefanya mtihani, na bado akiambiwa "tuwekee mfumo wa maktaba" hajui pa kushika. Anauliza kama atafute kwanza kozi ya kuandika programu.

Hapana. Kozi hiyo ni nzuri, lakini isiwe ya kwanza. Anza na kile ambacho tayari unakijua kuliko mhandisi yeyote wa kompyuta: rekodi ya kitabu. Mwandishi, kichwa, toleo, mchapishaji, mada, mahali kwenye rafu. Hiyo ni data iliyopangwa, na umefundishwa kuipanga tangu muhula wa kwanza.

Inaniuma sana kuona mkutubi amesimama pembeni huku mtu wa TEHAMA akifunga mfumo, akiacha nenosiri kwenye kikaratasi na kuondoka. Wiki ya pili mfumo unagoma, na maktaba inarudi kwenye daftari la kuazimisha. Mtu yule anaijua seva, ila hajui kwa nini uga wa 245, yaani sehemu ya kichwa cha kitabu kwenye rekodi, una viashiria viwili. Wewe unajua, na seva inajifunzika. Henriette Avram, aliyeongoza kazi ya kubuni MARC, muundo wa rekodi za katalogi unaosomwa na kompyuta, katika Library of Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani) miaka ya 1960, hakusomea ukutubi. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta aliyejifunza kazi ya katalogi hadi akaielewa. Kama yeye aliweza kutoka kule kuja kwetu, na sisi tunaweza kutoka huku kwenda kule.

Mfumo wa kujifunzia uwe Koha. Ni huria, haulipiwi leseni, na ukiujua mmoja, mingine utaielewa kwa haraka. Ulianzia New Zealand, kwenye maktaba za Horowhenua Library Trust. Mfumo wao wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000, wakawapa Katipo Communications kazi ya kutengeneza mpya, na ukaanza kutumika Januari 2000. Koha ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Haukutoka kwenye maktaba ya taifa wala chuo kikuu cha kutisha. Maktaba za umma za wilaya ndizo zilizouagiza.

Usisubiri seva ya chuo. Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 inatosha. Ya GB 4 itakokota, lakini itafika. Usifute Windows yako. Weka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako, tengeneza mashine pepe yenye RAM ya GB 2 (ukiwa na 8, ipe 4) na diski ya GB 20, kisha ndani yake weka Debian, mfumo endeshi wa Linux. Bando la GB 5 litakuvusha bila kukwama katikati.

Kuna mambo mawili kwenye kufunga Debian yanayowaangusha wengi. La kwanza, ukiulizwa nenosiri la root (msimamizi mkuu), liache tupu. Ukiliandika, Debian haitampa mtumiaji wako ruhusa ya sudo (kutoa amri kama msimamizi), na kila amri utakayonakili itakataliwa. La pili, kwenye orodha ya vifurushi, ondoa alama zote isipokuwa SSH server na standard system utilities. Mazingira ya madirisha yatakula RAM bure, kwa sababu Koha utaifungua kwenye kivinjari cha Windows.

Kabla ya kuendelea, nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya VirtualBox, acha NAT, na kwenye Port Forwarding ongeza mistari mitatu ya kuunganisha milango ya Windows na ya mashine pepe: 2222 kwenda 22, 8000 kwenda 80, na 8080 kwenda 8080. Sasa fungua dirisha la amri la Windows, andika ssh -p 2222 jina_lako@127.0.0.1, na utaweza kunakili na kubandika amri badala ya kuziandika herufi kwa herufi. Piga Snapshot (nakala ya hali ya mashine) hapo hapo. Ukiharibu, utarudi hapo kwa dakika moja.

Anwani ya hazina ya vifurushi vya Koha ichukue kwenye ukurasa rasmi wa jumuiya ya Koha, si kwenye video ya miaka mitano iliyopita, kwa kuwa jinsi ya kuthibitisha ufunguo wa hazina imebadilika. Ukishaiongeza na kufanya sudo apt update, mpangilio uwe huu:

sudo apt install mariadb-server
sudo apt install koha-common
sudo a2enmod rewrite cgi headers proxy_http
sudo a2dissite 000-default

Kisha fungua /etc/koha/koha-sites.conf, ubadilishe INTRAPORT (mlango wa upande wa wafanyakazi) iwe 8080. Fungua /etc/apache2/ports.conf, ongeza mstari Listen 8080 chini ya Listen 80. Halafu:

sudo systemctl restart apache2
sudo koha-create --create-db maktaba
sudo koha-passwd maktaba

Amri ya mwisho inakupa nenosiri. Jina la kuingilia ni koha_maktaba. Kwenye kivinjari fungua localhost:8080 kwa upande wa wafanyakazi na localhost:8000 kwa katalogi ya wasomaji.

Ukiona ukurasa wa Apache wenye maandishi ya Debian badala ya Koha, 000-default bado iko hai. Ukiona kivinjari kinasema hakiwezi kuunganisha kwenye 8080, umesahau Listen au ule mstari wa Port Forwarding. Ukiwa umefanya koha-create kabla ya kubadilisha INTRAPORT, kubadilisha koha-sites.conf baadaye hakutasaidia kitu, kwa sababu namba imeshaandikwa kwenye /etc/apache2/sites-available/maktaba.conf. Rekebisha huko. Kwa mengine yote, soma kumbukumbu za makosa ndani ya /var/log/koha/maktaba. Mistari ya mwisho ya faili hizo inasema zaidi kuliko kundi lolote la WhatsApp.

Ukifika kwenye hatua za kivinjari, chagua MARC21, ukubali data za lazima na za mfano. Koha itakuomba uweke maktaba, aina ya waazimaji, mtumiaji mkuu, aina ya nakala na kanuni ya uazimishaji. Usiruke hiyo kanuni, maana bila kanuni hakuna kitabu kitakachoazimishwa, na wengi hudhani mfumo umeharibika. Ukishamtengeneza mtumiaji mkuu, toka, uingie kwa jina lake. Jina la koha_maktaba ni la kufungia mfumo tu. Ukiendelea kulitumia, baadhi ya shughuli zitagoma bila sababu unayoiona.

Hapo umemaliza sehemu inayotisha. Sehemu ngumu ni data.

Maktaba nyingi za shule na vyuo vidogo tayari zina orodha ya vitabu kwenye Excel, na Excel ina tabia mbili mbaya. Namba ya nakala 000123 inageuzwa kuwa 123, na ISBN yenye tarakimu 13 inaonekana kama 9.78E+12. Ukihifadhi kama CSV katika hali hiyo, ISBN hizo zimekufa. Huwezi kuzirudisha bila kwenda rafuni na kushika kitabu kimoja kimoja. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima na uiweke kuwa Text. Hifadhi faili kwa UTF-8.

Tatizo jingine la data ni dogo kwa macho, kubwa kwa madhara: kibainishi cha ng'. Mtu aliyeandika "ng'ombe" kwenye Word amewekewa alama iliyopinda. Aliyeandika moja kwa moja kwenye Excel ana alama iliyonyooka. Kwa jicho ni neno moja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, U+2019 na U+0027. Msomaji anatafuta kitabu cha ufugaji wa ng'ombe, anapata vitatu, vingine sita viko rafuni na katalogi haimwonyeshi. Tafuta na ubadilishe alama zote ziwe za aina moja kabla ya kupakia. Hili mfungaji mfumo kutoka nje hatalifikiria. Anayejua Kiswahili na katalogi kwa pamoja ndiye atakayeliona.

Kugeuza orodha kuwa MARC, tumia MarcEdit, programu ya bure ya Terry Reese. Fungua Delimited Text Translator, elekeza kila safu kwenye uga wake: ISBN kwenda 020$a, mwandishi 100$a, kichwa 245$a, mada 650$a. Nakala katika Koha hukaa kwenye 952: $p ni namba ya msimbopau, $o ni namba ya mahali kwenye rafu, $y ni aina ya nakala, $a ni maktaba inayoimiliki na $b ni ilipo sasa. Kuna kosa hapa linalorudiwa kila mahali. Usipoziunganisha safu hizo kwa Join Items, kila moja itatengeneza 952 yake, na kitabu kimoja kitaingia kikiwa na nakala tano za uongo. Lingine: kwenye $a na $b andika msimbo wa maktaba kama ulivyousajili Koha, mathalani MKT, si jina refu.

Pakia rekodi 20 kwanza, kamwe si 2,000. Koha huziweka pembeni kabla ya kuziingiza kwenye katalogi, na hata zikishaingia kuna kitufe cha kutengua. Zikaguliwe, zirekebishwe, zirudiwe. Ukitafuta na usipate chochote ilhali rekodi unaziona zimeingia, fahirisi haijajengwa: sudo koha-rebuild-zebra -f -v maktaba.

Sasa kile kiashiria cha pili cha 245. Kinaiambia kompyuta iruke herufi ngapi inapopanga vichwa kwa alfabeti: "The " ni 4, "An " ni 3, "A " ni 2, nafasi ikihesabiwa. Kiswahili hakina vijineno hivyo, kwa hiyo kichwa cha Kiswahili ni 0. Ukiona orodha ambako vichwa vya Kiswahili vimepewa 4, mtu alijaza safu nzima kwa namba moja, na vitabu hivyo vitapangwa kwa herufi ya tano. Msimbo wa lugha ni swa, kwenye nafasi ya 35 hadi 37 ya uga wa 008. Bila huo, msomaji hawezi kuchuja vitabu vya Kiswahili peke yake.

Namba za Dewey za fasihi ya Kiswahili huanza na 896.392: ushairi 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi 896.3923. Ukizikuta riwaya zote zimetupwa 896 tupu, hiyo ni kazi yako ya kwanza, na haihitaji kompyuta ya bei kubwa.

Usiandike kila rekodi kwa mkono. Koha inatafuta rekodi kwenye maktaba nyingine kwa Z39.50, itifaki ya kutafuta katika katalogi za mbali, kwa kawaida kupitia mlango wa 210. Vitabu vya Afrika Mashariki vinapatikana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda huu. Ukiivuta rekodi, angalia tahajia ya jina la mwandishi. Mwandishi mmoja akiingia kama "Juma, Hamisi" na tena kama "Hamisi Juma", kwa mfumo ni watu wawili, na vitabu vyake vimegawanyika.

Msimbopau usikutishe. Skana ya USB ni kibodi tu: inasoma mistari, inaandika namba, inabonyeza Enter. Ijaribu kwenye Notepad kabla ya kulaumu Koha. Ikiandika namba sahihi hapo, shida iko kwenye rekodi. Isipoandika, shida ni lebo au skana.

Kuhusu kuandika programu, ukifika hapa anza na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, tena SELECT, amri ya kusoma, peke yake. Ukurasa wa ripoti wa Koha hauruhusu amri ya kufuta, kwa hiyo jaribu bila hofu. Hii inaonyesha ISBN zilizoingizwa zaidi ya mara moja:

SELECT isbn, COUNT(*) FROM biblioitems GROUP BY isbn HAVING COUNT(*) > 1

Na hii, nakala zisizo na namba ya rafu:

SELECT barcode FROM items WHERE itemcallnumber IS NULL OR itemcallnumber = ''

Jifunze majedwali manne: biblio, biblioitems, items, borrowers. Mkutubi anayeweza kumjibu mkuu wa chuo kwa ripoti ndani ya dakika tano hasukumwi pembeni tena. Tumeambiwa vya kutosha kwamba kazi yetu ni kupanga vitabu. Nataka kizazi chenu kiache kulisikia neno hilo kwa unyonge.

Mwisho, chelezo. Andika sudo koha-dump maktaba, uangalie /var/spool/koha/maktaba. Utakuta faili mbili, moja ya .sql.gz na nyingine ya .tar.gz. Zote mbili zinahitajika, na zisibaki kwenye kompyuta ile ile. Koha hujitengenezea chelezo kila siku mashine ikiwa imewashwa, lakini za zamani hufutwa zenyewe, basi nakili kwenye flashi kila Ijumaa. Kisha tengeneza mashine pepe ya pili, weka Koha bila koha-create, na urejeshe kwa sudo koha-restore ukitaja faili hizo mbili, ya .sql.gz ikitangulia. Jenga fahirisi upya, tafuta kitabu kimoja unachokijua, jaribu kukiazimisha. Kikitoka kwa jina la mwazimaji sahihi na tarehe sahihi ya kurudisha, niandikie tena tuzungumze DSpace, mfumo wa kuhifadhi machapisho ya kidijitali.