Lile kava nililikwangua mimi, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikua shambani nafyekea mikorosho upepo mwingi sikuielewa, ya pili barazani na mama ako, ya tatu peke yangu usiku. Umesema tangu uokoke huko Dodoma wenzio mnaosali nao wamekwambia vitabu vya yule mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, usikae navyo ndani maana ni mtu aliyemkana Kristo, na we unakumbuka aliyekua anawasomea hivyo vitabu ni baba, na baba ni mzee wa kanisa, sasa unauliza baba ulikua unajua? Na kama ulijua ulijisikiaje, na mbona uliendelea? Nikasema hili kwa simu haliwezekani, ngoja nimwandikie.

Nilikua najua mwanangu. Na niliumia kuliko unavyodhania.

Kile kitabu cha The River Between kilichopo kwenye sanduku la bati, si unakumbuka kava lake limechubuka pale juu penye jina la mwandishi, nyie wote mlikua mnasema panya. Sio panya. Ni mimi na wembe, mwaka 1979, nikiwa chuo cha ualimu.

Nilikipata nikiwa fomu tatu mwaka 1975, mwalimu wetu mmoja alikua anahama akanigawia, na juu ya kava imeandikwa James Ngugi. Vitabu vyake vya mwanzo vyote vilitoka kwa jina hilo, Weep Not, Child mwaka 1964, hiki changu 1965, A Grain of Wheat 1967. Sasa mi mtoto wa Masasi, nimebatizwa Anglikana, nimekua nasikia kengele ya kanisa la Mtandi kila asubuhi, nikaona huyu ni mwenzangu kabisa, mtoto wa mama mkulima aliyesoma shule ya misheni, ana jina la ubatizo kama langu, na ameandika kitabu mpaka Uingereza wamekichapa. Nilikua namtaja kwenye sala. Nakwambia kweli, nilikua namwombea James aandike kingine.

Na kilichonikamata zaidi ni Muthoni. Yule binti wa mhubiri Joshua mle kitabuni, anataka aingie kwenye mila ya kabila lake ya kutahiri wasichana na hapohapo anataka abaki na Yesu, hataki kuacha hata kimoja. Anatoroka kwao, anakatwa, kidonda kinaharibika, anakufa, na anakufa huku anasema anamwona Yesu na yeye amekua mwanamke wa kabila lake. Hayo mambo kule kwa Wakikuyu yalitokea kweli, mwaka 1929 wamisheni waliwataka waumini waikatae ile mila, watu wakagawanyika, wengi wakatoka makanisani wakaanzisha shule zao wenyewe. Mi nasoma haya nimetoka jandoni miaka michache tu nyuma, na jando letu padri alikuja kulibariki! Maana huku kwetu Askofu Vincent Lucas, aliyekua askofu wa Masasi toka 1926 mpaka 1944, jando hakulifukuza, alilikaribisha kanisani, vijana wakawa wanaombewa na mafundisho ya dini yakawekwa humohumo pamoja na ya mila. (Usinielewe vibaya, kukata watoto wa kike sikubali hata kidogo, na unyago wetu wa huku haukati.) Kwa hiyo kwa akili yangu ya fomu tatu nikaona yule dada amekufa akitafuta kitu ambacho mimi nilipewa bila hata kuomba, nikawa na uhakika kwamba James nae analijua hilo, na kwamba siku moja atafika tulipo sisi.

Basi chuoni, maktaba, nikakuta kitabu cha insha zake, Homecoming, cha mwaka 1972. Ndani kuna hotuba aliyoitoa mwaka 1970 mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, anasimama mbele ya wachungaji na wazee wa kanisa anawaambia yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Nikasoma mara mbili nikidhani nimekosea kingereza. Alafu nikapiga hesabu. 1970 mpaka 1975 ni miaka mitano, yani siku nafungua kile kitabu kwa mara ya kwanza mtu wangu alishaondoka zamani, na mda wote ule namwombea James, James mwenyewe hayupo, jina alishaliweka chini akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Nilirudi bweni nikachukua wembe.

Nikakaa kama miaka minne simsomi kabisa, mpaka nimeajiriwa nikakuta The Black Hermit inatakiwa ifundishwe, ile tamthilia yake iliyochezwa kwanza Kampala mwaka 1962, nikaifundisha huku moyo umefunga. Wanafunzi waliipenda kuliko kitu chochote mwaka ule. Nikaona aibu, nikamrudia, na nikairudia ile hotuba nikiwa sina hasira. Kuna sehemu nilikua nimeiruka. Anawaambia wale wazee kwamba Kristo angeishi Kenya mwaka 1952 angesulubiwa kama Mau Mau, wale waliokua wanapigana na Waingereza msituni.

Hapo nikakaa chini mwanangu. Maana huyu mtu mwaka 1955 alirudi nyumbani likizo kutoka shule ya Alliance, kijana mdogo, akakuta kijiji chao hakipo, kimebomolewa chote, watu wamehamishwa, na kaka yake yuko msituni na Mau Mau. Anasali kwa nguvu zote shuleni kule, alikua mlokole kweli wakati ule, alafu anarudi anakuta hivyo, na wahubiri wanawaambia watu wawe watulivu. Yeye kanisa alilikuta limesimama upande wa bunduki. Sasa angalia sisi. Kanisa la hapa Masasi lilianza na watumwa walioachwa huru, Askofu Steere alitoka nao Unguja mwaka 1876, wakashukia Lindi wakapanda kwa miguu mpaka huku. Bibi zetu walivyosikia neno wokovu lilikua na maana ya mnyororo kufunguliwa shingoni, sio maneno tu. Kule kwao Limuru neno hilohilo lilifika pamoja na walowezi wa mashamba ya chai waliochukua ardhi. Ntamlaumuje kwa kukosa bibi zangu?

Simkubalii yote, nataka ujue. Kuna mahali anayaweka makanisa yote kapu moja, na kapu hilo Masasi haimo, na ningekutana nae ningemwambia. Lakini soma Shetani Msalabani. Walimkamata usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977 wakamweka gereza la Kamiti bila kesi, akakiandika kile kitabu gerezani kwenye karatasi za chooni, na mle yule binti wa hadithi, Wariinga, anaota Shetani anasulubiwa na watu maskini, siku tatu baadae wanakuja waliovaa suti wanamshusha msalabani. Mtu asiyeibeba Biblia mifupani hawezi kuandika ndoto ile. Aliondoka kanisani lakini maneno aliondoka nayo, na mimi niliyebaki maneno hayo ameniamsha nayo mara nyingi, zaidi ya mahubiri mengi niliyoyasikia nikiwa nimekaa benchi la mbele.

Alafu kuna baba ako mdogo. Hili sijawahi kukwambia. Aliposilimu akaoa Mikindani, babu yako alikataa kula nae miaka miwili, na mimi nilimfuata babu yako, nilikua mkubwa nina kazi yangu lakini sikukanyaga kwa mdogo wangu, hata mtoto wao wa kwanza alipozaliwa sikwenda. Nikajidanganya kwamba naitetea imani. Siku nilipokua nafundisha Muthoni darasani, nafika pale baba yake anapomtoa moyoni, sauti ikakata, nikawaambia wanafunzi wasome wenyewe nikatoka nje. Jumamosi yake nikapanda gari kwenda Mikindani. Shemeji alinipikia ming'oko na samaki, baba ako mdogo hakuniuliza kitu.

Ndo nikaelewa ule wembe. Nilikua nawataka wote wawili wabaki palepale, James na mdogo wangu, ili mimi nijione niko sahihi. Imani yangu nilikua nimeiegemeza kwao, walivyosogea nikayumba, nikawakasirikia wao badala ya kuangalia miguu yangu.

Kwa hiyo wenzio usigombane nao, wanakupenda na wanakuhofia, kuokoka kwako mimi na mama ako tumekufurahia na tunakuombea kila siku. Ila ukiniuliza kama kumsoma kutakutoa, nakujibu mimi hakujanitoa, ni miaka hamsini sasa. Alipofariki mwaka 2025, tarehe 28 Mei kule Marekani, nilitoa kile kitabu sandukuni nikakaa nacho barazani mpaka giza, mama ako shahidi, na pale nilipokwangua nikaandika kwa kalamu Ngũgĩ, jina lake alilolitaka mwenyewe. Na jina lake nalitaja kwenye sala bado, hilo jipya. Mchungaji wako akiona nimekosea nitafurahi kuongea nae.

Hivyo vitabu vyako, kama moyo unakataa kulala navyo nyumba moja, usichome na usimgawie mtu. Vifunge kwenye mfuko wa nailoni visilowe, umpe kondakta wa basi la Masasi, unitumie meseji namba ya gari, mi ntakua stendi.

Baba ako