Usiache hereni kubwa, punguza uzito

Dada, umeuliza kama uachane na hereni zako kubwa za shaba, maana wateja hapo Iringa wanazisifu, wanapiga nazo picha, halafu wananunua zile ndogo za dukani. Usiziache. Mchoro wako hauna shida, shida ni sikio.

Chukua mzani mdogo wa gramu. Mimi hereni moja ikizidi gramu 10 naitoboa katikati, au nabadili bati nene kwa jembamba. Umbo linabaki lile lile. Kisha ivae mwenyewe kutwa nzima, ukiwa na sweta. Huku kwetu Mbeya, Juni na Julai watu wanajifunga hadi shingoni; nilishatengeneza hereni zenye ncha kama miale ya jua, nzuri kweli, mteja wa kwanza akarudi kwangu sokoni Mwanjelwa na uzi wa sweta ukining'inia kwenye ncha. Siku hizi kila ncha naisugua kwa tupa, kisha msasa laini, mpaka ikipita kwenye kitenge isikamate.

Kulabu weka za madini ya fedha ya 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi. Mwili wa hereni uwe shaba, sawa, ila kinachoingia kwenye tundu kisiwe na nikeli, wengi inawawasha.

Kuhusu malakaiti uliyotaja, lile jiwe la kijani: iweke kwenye kidani. Kwenye pete itachubuka upesi, ugumu wake haufiki hata 5 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe cha 1 hadi 10, wakati madini ya kwatzi (quartz) yaliyomo kwenye vumbi la kawaida ni 7.

Bei tutaongea ukishapima.