Nani atasema hapa sipo?

Swali la juma hili: "Familia mbili tatu zikienda kupiga kambi pamoja kwenye vilima vyenye msitu, ni jambo gani linaloamua safari iwe tamu au chungu?" Najua wengi watataja chakula, au watoto, au yule rafiki anayechelewa kila mahali. Mimi nasema ni pale mnapopiga hema.

Magari yakishasimama, watu wanashuka wakijinyoosha, na macho yote yanakwenda bondeni kwenye kijito. Pako tambarare, nyasi laini, maji yanapita. "Jamani, hapa ndipo penyewe," anasema mmoja, na tayari begi lake liko chini. Kupinga wakati huo kunataka uso mkavu, maana kila mtu amechoka na watoto wameshavua viatu. Mimi hupinga.

Kwanza ni baridi. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi ya mteremko hupoa haraka na kupoza hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo inakuwa nzito, inateleza polepole hadi chini bondeni na kutuama kama maji kwenye karai. Aliyelala kando ya kijito anaweza kuzidiwa joto kwa nyuzi kadhaa na mwenzake aliyepanda kidogo tu. Na hapo mmeshapanda kutoka kwenu: kila mita 1,000 za kwenda juu hupunguza joto kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Ukungu nao hujaa hukohuko chini, hivyo wa mteremkoni huwa wameanza kuota jua wenzao bado wanatafutana.

Kwamba mvua ikinyesha huko juu kijito kinaweza kufurika usiku bila nyinyi kupata hata tone, hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa ni kelele. Maji yanayopita kwenye mawe humeza sauti, na mtoto anaweza kulia hema la tatu mama yake asisikie. Kwangu hilo peke yake linatosha kunihamisha.

Ninachotafuta ni kipande cha tambarare katikati ya mteremko: si bondeni, wala si kileleni kwenye upepo. Nikishakipata, naangalia juu kabla ya kuangalia chini. Tawi lililokufa linaweza kukaa muda mrefu likiwa limenaswa kwenye matawi mengine, kisha likalowa mvua, likawa zito na kuanguka hata pasipo upepo. Ukiona tawi halina jani wala gome ilhali mengine yote ya mti huo ni mabichi, hema lisikae chini yake. Kazi hii wape watoto. Shingo zao hazichoki, na wanapenda sana kuwaambia watu wazima hamieni kule.

Haya yote yanataka mwanga. Saa ya machweo mnayoiona kwenye simu ni ya mtu aliye uwandani; vilimani jua hujificha nyuma ya mlima mapema, na chini ya miti giza limeshaanza. Mkifika usiku hamchagui kitu, mnalala pale gari lilipozimwa.

Kisha kuna ugomvi wa asubuhi: "Hema lako linavuja!" Pitisha kidole kwenye kitambaa upande wa ndani. Matone yamejaa, na usiku kucha haikunyesha. Hizo ni pumzi zenu, zimegusa kitambaa cha baridi zikawa maji. Mwenye hema hana kosa. Dawa ni kuacha matundu ya juu wazi hata kama kuna baridi, na ndiyo maana wanaojifungia sana ndio wanaoamka wamelowa.

Jiko la mkaa ndani ya hema sitanii nalo. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Anayesikia baridi aongeze cha kutandika, maana ardhi ndiyo inayomnyonya joto. Blanketi unalolilalia hubanwa likapoteza hewa iliyokuwa inatunza joto, kwa hiyo godoro jembamba la sponji chini yako lina faida kuliko blanketi la pili juu yako.

Choo: angalau mita 60 kutoka kwenye maji, shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, ukimaliza fukia.

Watoto wavae filimbi shingoni. Ukipotea, simama palepale kwenye mti mmoja na upulize mara tatu, pumzika, rudia. Saa ya kwanza watazipuliza mpaka mjute kuzinunua; waacheni wachoke, ndipo sheria ianze.

Lakini nani atasema hapa sipo, tuhame? Mchagueni kabla ya safari, ili asionekane anajitia ujuaji mbele ya marafiki. Kwetu ni shemeji, mke wa rafiki yangu, ambaye haoni haya hata kidogo. Safari iliyopita alitubebesha mabegi upya tukiwa tumeshasimamisha hema moja. Mumewe alinuna mpaka chai ilipoiva, kisha akaanza kuwaeleza watoto kuhusu hewa nzito na mabonde, kana kwamba wazo lilikuwa lake.