Hela ya arobaini ya baba haina uchafu

Nimesikiliza sauti zote mlizotumiana kwenye kundi la familia, na ile ndefu ya mjomba nimeirudia. Naandika kwa sababu nikipiga simu nitalia, na nikilia hamtanisikiliza.

Mnasema kuna binti tuliyekuwa naye kazini huku Uingereza, karudi Tanga, kasimulia kwamba kazi yangu ni kumvalisha mzungu wa kiume magauni. Kwamba mzungu huyo ni shoga, ananilipa pembeni nimtunzie siri, na hela hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama. Mjomba akaongeza kwamba isiingie hata senti yangu kwenye arobaini ya marehemu baba. Na wewe mdogo wangu wa mwisho, badala ya kunitetea, umenitumia ujumbe pembeni kuniuliza kama ni kweli mwanamume akipiga picha kavaa gauni, akasema ni shoga anayekimbia kwao, anapewa makaratasi ya ukimbizi.

Habari za baridi na kodi ya nyumba mmezisikia hadi mmezichoka, naziacha. Nazungumzia hili moja.

Ni kweli namvalisha. Mimi ni kea, nazunguka nyumba kwa nyumba tangu alfajiri: huyu namwosha, yule nambadilisha nepi, mwingine nampa vidonge. Kila nyumba ina faili jikoni lenye maelezo ya mgonjwa. La mzee huyu linasema ana kisukari, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, chai yake haitiwi sukari, na siku akitaka kuvaa sketi asaidiwe zipu na vifungo. Ni mstari mmoja tu, umekaa katikati ya dawa na vidonda.

Mnajua naangalia nini nikimvalisha? Miguu. Soksi ndefu za nailoni zikimbana mwenye kisukari zinaacha alama, alama ikichubuka inageuka kidonda, na kidonda kinaweza kuondoka na mguu. Kwa hiyo naikunja soksi yote mpaka kwenye kidole, naipandisha taratibu, kisha napitisha kidole changu kati ya mpira na ngozi nione kama haijakaza. Halafu sketi. Halafu blauzi ambayo marehemu mkewe alimshonea kwa mkono wake, yenye mabega mapana, maana za dukani zilikuwa zikimpasukia. Mkewe alijua tangu wakiwa wachumba. Walizaa, wakasomesha, wakazeeka pamoja. Mzee aliendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote, na mpaka leo akikaa na sketi yake anasikiliza mpira redioni na kumtukana refa. Jioni anavua, anavaa pajama, analala. Huo ndio uchafu wote mliosimuliwa.

Kea aliyenitangulia alimcheka usoni, akageuza, akaondoka. Mzee akakutwa mchana bado yuko kwenye nguo zilizoloa mkojo. Baba yetu alipopooza, mlimtafuta kijana wa jirani awe anakuja kumwogesha, na mama akamwombea dua kijana yule kila baada ya swala. Mimi nafanya kazi ya kijana yule.

Na hakuna malipo ya pembeni. Mshahara wa nyumba ile ni sawa na wa nyumba nyingine zote. Kea akipokea hela mkononi kwa mgonjwa anafukuzwa, na sisi ambao viza zetu zimefungwa kwa mwajiri, kufukuzwa maana yake ni siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine au kufungasha. Niziweke rehani hizo kwa ajili ya pauni ishirini za kutunza siri? Siri ipi, wakati binti yake anakuja kila wiki na wajukuu, wanamkuta na sketi yake, wanakula keki?

Sasa hilo neno shoga mnalolirusha kirahisi. Nguo haisemi mtu anampenda nani. Nilisoma habari hizi ili nijue namhudumia nani, na hakuna jipya ndani yake. Daktari Mjerumani, Magnus Hirschfeld, aliandika kitabu kizima mwaka 1910 juu ya watu wa aina hii, na wengi aliowachunguza walikuwa wanaume wanaopenda wanawake. Mwaka 1997 kule Marekani, Richard Docter na Virginia Prince walichapisha majibu ya wanaume 1,032 wanaovaa nguo za kike: asilimia 87 walisema wanapenda wanawake, na asilimia 83 walikuwa wameoa au waliwahi kuoa. Huku kuna msanii mkubwa wa vyungu, Grayson Perry. Mwaka 2003 alipokea tuzo ya sanaa ya Turner amevaa gauni, mke wake na binti yao wakiwapo. Wapo pia wanaume wanaovaa hivyo na wanapenda wanaume, sikatai. Na wapo waliozaliwa na mwili wa kiume wakaishi maisha yao yote kama wanawake, lakini hiyo ni habari nyingine na watu wengine. Mzee wangu hataki kuwa mwanamke. Anataka kuvaa blauzi yake siku moja moja, basi.

Shangazi kauliza kama ni ugonjwa na kama unaambukiza. Shangazi yangu, hapana, na hapana. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 haina tena ugonjwa huo. Ulikuwamo kwenye ile ya zamani, ukaondolewa. Wala mzee hakulelewa na wanawake watupu, kama mlivyobashiri. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe.

Mjomba, wewe Joti akiigiza mwanamke kwenye luninga unacheka hadi unafuta machozi, na sijawahi kukusikia ukimwita jina baya. Huku kila Krismasi wazazi wanapeleka watoto kwenye michezo ya jukwaani ambayo bibi wa hadithi huigizwa na mwanamume mwenye sidiria na wigi, na watoto wanarudi nyumbani salama. Kazini kwetu mwenzangu mmoja aliona picha ya baba siku ya harusi yangu, kanzu na joho, akaniuliza mbona baba yako kavaa gauni. Iliniuma siku nzima. Ndiyo maana siwezi kumfanyia hivyo baba wa mtu mwingine.

Najua dini yetu inasema nini kuhusu mwanamume kujifananisha na mwanamke. Sijaandika ili nibishane na hukumu, na mzee mwenyewe si Mwislamu. Ninachowadai ni kimoja: kama mnataka kunihukumu, nihukumuni kwa ninalolifanya. Namwosha mgonjwa, namkagua miguu, namfungia zipu. Yaliyobaki mmezua, na kuzua nako kuna hukumu yake.

Mdogo wangu, zamu yako. Usije. Nisikilize vizuri, usije kwa njia hiyo. Aliyekuambia upige picha na dera anafikiri kama mjomba, kwamba gauni linamwambia afisa wa uhamiaji unampenda nani. Haliambii. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ilishasema mwaka 2014 kwamba mwombaji wa ukimbizi asipimwe wala asilete video za chumbani kuthibitisha jambo hilo. Unahojiwa maisha yako yote, saa baada ya saa, unaulizwa jambo lile lile kwa maneno mengine, na ukijikanyaga, uongo wako unabaki kwenye kumbukumbu zao. Kuna vijana wa Uganda waliokimbia kwelikweli, hasa baada ya sheria ya 2023 dhidi ya mashoga, na kila mwongo anayekaa kwenye kiti kile anawapunguzia wao kuaminiwa.

Njia yangu mimi nayo imefungwa. Tangu Julai 2025 Uingereza haichukui tena kea wapya kutoka nje. Anayekuuzia nafasi ni tapeli, usimpe hata nauli. Maliza VETA, fundi umeme mzuri hakosi kazi Tanga. Lakini ukipata chuo, au mkataba wa halali ambao nitausoma mimi kwanza, njoo, nitakuachia kitanda nilale kwenye kochi. Na ukifika, kazi utakayofanya usimwambie mtu huko nyumbani. Hapana, mwambie mama. Mama peke yake.

Mjomba, kuhusu hela. Kama inawakera, irudisheni yote, na mabati mkayabandue. Nimeandika hivyo nikaona nikiache hivyo hivyo, ujue nilivyoumia. Lakini msirudishe. Mama ana dawa za presha, na arobaini haingoji tumalize ugomvi wetu. Ninayotuma Ijumaa igawanywe hivi: dawa kwanza, halafu mchele na mbuzi, inayobaki wapewe watakaosoma khitma. Ukiona huwezi kuila wewe, usile, ila usiwazuie wengine kumwombea baba.

Jumapili jioni sina zamu. Una swali lolote juu ya mzee huyu, nipigie wewe mwenyewe, usimpitishie mama.